Zanda Zinne

Maji yalikuwa yamekupwa na jahazi la mchanga limelala ubavu karibu na gati. Wachukuzi walikuwa wanapakia punda, mfuko huku na mfuko huku, nami napita Usita wa Pwani, njia ya kando ya bahari hapa Lamu, na kikapu cha samaki, nawahi nyumbani kabla ya adhuhuri. Punda watatu wakanipita. Wa nne aliponipita, nikasimama.

Mgongoni mwake, chini ya mifuko, palikuwa na pengo.

Ukimtazama kwa nyuma uliona matao mawili ya mti yamekaa kwenye nyama ya mgongo, moja kulia na moja kushoto, na katikati, juu ya uti, hapana kitu. Mwangaza unapenya. Pengo lile nililichora mara nyingi kuliko jina langu: kwa penseli, kwa kadibodi, kwa kompyuta, usiku, katika studio ya chuo Nairobi nilikosomea ubunifu wa bidhaa za viwandani, ambako hakuna aliyewahi kumfunga punda kamba.

"Tandiko hilo ni langu," nikasema.

Mtoto aliyeshika kamba akaniangalia kama mtu aliyesingiziwa wizi. "La babu," akajibu, akaenda zake.

Hiyo ni wiki ya saba sasa.

Kilichobaki

Kesho yake nikaenda kwa Ami, huko Langoni ndani anakolaza punda wake. Yeye ndiye niliyemwachia lile tandiko nilipomaliza chuo, mwaka 2021. Nilimpa, nikapiga picha sita za kutia kwenye jalada langu la kazi, nikarudi Nairobi kutafuta kibarua.

Sikurudi kulitazama.

Ami akaliteremsha ukutani, akaliweka barazani, akaniacha nalo. Nikaligeuza taratibu.

Matao yangu ya plaiwudi, safu saba zilizogandishwa kwa gundi na kukunjwa kwenye kalibu, hayapo. Ami huosha punda wake baharini kila jioni, na plaiwudi ikanywa maji ya chumvi mwaka mzima mpaka ikaanza kuachana safu kwa safu kama chapati. Mahali pake pana vipande viwili vya mti uliopinda wenyewe, masalia ya mataruma, zile mbavu za chombo, kutoka kwa mafundi wa madau wa kijiji cha Matondoni. Mti uliomea na tao lake haufunguki.

Sifongo niliyoinunua Nairobi kwa pesa za chakula cha mwezi haipo. Niliivisha nailoni isiyopitisha maji, ya rangi ya machungwa, na studio nzima iliisifu kwa rangi yake. Kumbe kisichopitisha maji hakipitishi jasho pia. Ami aliivumilia miezi mitatu, akaitupa. Sasa pana gunia lililojazwa usumba wa nazi, limeshonwa kwa mishono mirefu ili lifumuliwe, lifuliwe, lianikwe, lijazwe tena.

Vifungo vya plastiki vilikatika kwa jua. Badala yake kuna vitambaa vya tanga kuukuu vilivyokunjwa mara tatu, na fundo la mabaharia ambalo hufunguka kwa mkono mmoja hata likiwa limelowa.

Mkanda wa kifuani haukuwepo kabisa. "Ule ulikuwa wa nini?" Ami akaniuliza.

Nikakaa kimya. Ule mkanda huuzuia mzigo usiteleze nyuma mnyama anapopanda mlima. Niliuona kwenye picha za nyumbu wa nchi za milima, nikaupenda, nikautia. Punda wa Ami hutoka gatini akapita vichochoro vya mtaa wa Mkomani, akarudi; hapana mlima.

Kwenye mchoro wangu wa mwisho tandiko lilikuwa na sehemu kumi na moja, kila moja na namba yake ndani ya kiduara. Nilizihesabu pale barazani. Hakuna hata moja iliyobaki.

Limebaki pengo, ambalo halikuwa na namba.

Alama

Niseme nilichofundishwa, kwa sababu chuo kilinipa mengi na sitaki kukidhulumu. Nilijifunza kuchora kitu kisichokuwepo hadi mtu mwingine akakiona. Nilijifunza chuma kinachoka vipi, plastiki gani inayeyuka na kurudi na ipi ikishaganda imeganda. Nilijifunza kuketi na mtu nikamtazama anavyofanya kazi bila kumuuliza anataka nini, kwa kuwa mikono husema kabla ya mdomo. Hili la mwisho ndilo lililonileta kwa punda.

Likizo ya mwaka wa tatu nilikaa Lamu wiki sita nikiwafuata. Mama hakupenda. Nilirudi kila siku na vumbi la saruji kwenye buibui, na majirani wakamuuliza kama chuoni nimefeli. Asubuhi nilikwenda kliniki ya punda ya The Donkey Sanctuary, ambayo iko hapa tangu miaka ya 1980, nikaomba nikae kando nitazame. Nilikuwa na karatasi moja yenye umbo la punda aliyetazamwa kutoka juu. Kila punda aliyeletwa na kidonda, nilitia nukta ya kalamu nyekundu pale kidonda kilipo.

Wiki ya kwanza zilikuwa nukta tu. Wiki ya tatu zikawa mstari.

Zilikuwa zimepangana juu ya uti, nyuma kidogo ya mabega, mahali ambapo ngozi iko moja kwa moja juu ya mfupa. Mzigo ukikaa hapo unaibana ngozi katikati, juu kuna mfuko, chini kuna mfupa, damu haipiti, na ngozi inakufa kabla haijachubuka. Kwa hiyo kuongeza godoro hakutibu. Godoro likishalala chini ya mifuko miwili ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, nalo huwa mfupa. Kinachotibu ni kuuhamisha uzito uende kwenye nyama za kando na mbavu, na kuuacha uti bila kuguswa.

Karatasi ile ndiyo kitu bora kabisa nilichokifanya katika miaka minne. Kwenye ripoti yangu ilikuwa ukurasa wa nne.

Siku ya kuwasilisha, walimu watano waliipita karatasi ile kwa nusu dakika. Picha ya kompyuta, ile ya tandiko la rangi ya machungwa likielea hewani juu ya punda mweupe asiye na kovu hata moja, waliikalia muda mrefu. Mmoja akasema mistari yake imetulia. Mwingine akauliza kama rangi ingebadilishwa kwa soko la nje. Nilipata alama ya juu kuliko wote darasani. Nilimpigia mama simu, akalia.

Hakuna aliyeuliza tandiko litakuwaje baada ya mwaka mmoja wa chumvi.

Nami sikujiuliza. Ningekuwa na sauti katika mtaala wa kozi hii, ningeongeza mtihani mmoja tu: baada ya mwaka, nenda kwa uliyemwachia kitu chako, uketi naye, uandike kilichokatwa, kilichoshonwa upya na kilichotupwa. Na alama zitoke hapo, nyingi kuliko zile za picha.

Ni kazi ya nani?

Wiki ya kwanza niliona haya. Wiki ya pili nikaona fahari. Hisia zote mbili hazikunikaa sawasawa, kama kiatu cha ndugu.

Haya, kwa sababu kila nilichokichagua kwa mkono wangu kilishindwa. Fahari, kwa sababu mgongo wa punda wa Ami ni laini. Nimeupapasa. Manyoya yameota hadi katikati.

Lakini je, ni kazi yangu? Mti ni wa Matondoni, gunia ni la Ami, fundo ni la mabaharia. Nikilitia leo kwenye jalada langu, nitakuwa naonyesha nini? Nafasi tupu?

Nikarudi kwenye daftari zangu za mwaka wa kwanza, somo la historia ya fani. Wengi hudhani ubunifu wa bidhaa za viwandani umetufikia juzi pamoja na kompyuta. Selby Mvusi, msanii kutoka Afrika Kusini, alikuwa akiufundisha Nairobi katikati ya miaka ya 1960, katika chuo ambacho si changu, hadi alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1967. Nilipokuwa mwanafunzi nililisoma jina lake kwa ajili ya mtihani, nikalisahau. Sasa nawaza swali alilokuwa nalo mezani mtu yule, katika nchi changa, viwanda vyenyewe vya kuhesabika: unafundishaje ubunifu wa viwandani pasipo viwanda?

Maana neno hilo, viwandani, ndilo lililonisumbua siku zote nikiwa Lamu. Hapa hakuna kiwanda. Seremala hutengeneza mlango mmoja, kisha mwingine, na hautafanana na wa kwanza. Miaka minne nilisomea kitu kitakachotoka elfu kwa elfu, nikarudi kwenye mji wa kimoja kimoja.

Kisha nikakumbuka jiko.

Lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba, la bati nje na udongo wa kuchoma ndani, ambalo sasa ni la kawaida hata tunasahau kuwa kuna watu waliolifikiria. Lilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuoanisha jiko la ndoo la Thailand na lile jiko letu la bati. Kiuno kile si urembo, ndicho kinachoushika udongo usidondoke. Halikuhitaji kiwanda kimoja kikubwa. Mafundi wa bati na wafinyanzi walilishika, wakafunzana, likaenea nchi nzima. Na lilipoenea, wapo waliolighushi: udongo mwembamba, mchanganyiko mbaya, likapasuka baada ya miezi.

Basi kiwanda huenda si mashine. Huenda ni pale kitu chako kinapoweza kutengenezwa na mtu asiyekujua, nacho kikatoka sawa.

Nilipofika hapo nikavaa viatu nikatoka. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, pengo lipo kwa Ami peke yake?

Zanda zinne

Halipo kwake peke yake.

Siku tatu nilikaa gatini na kwenye njia ya Shela nikitazama migongo. Nikapata matandiko mengine manne yenye pengo. Moja ni la mti wa mkoko, zito kupita kiasi. Mawili ni ya mwarobaini, kazi nzuri ya mkono mmoja. La nne nitalisema.

Nikamtafuta fundi wa yale mawili ya mwarobaini. Nilimkuta anapiga randa ubao wa kitanda. Nikamwamkia, nikakaa, nikamuuliza alijuaje pengo liwe kiasi gani.

"Zanda zinne," akasema, akalaza mkono wake juu ya ubao, vidole vimebanana. "Ami alinionyesha."

Chanda ni kile cha *chanda chema huvikwa pete*. Kwetu wingi wake ni zanda.

Nilimwomba ruhusa, nikatoa rula kwenye mkoba, nikapima vidole vyake vinne mahali vinapoanzia. Milimita 81. Kwenye mchoro wangu wa 2021, karatasi ya saba, pameandikwa 80.

Sijui niieleze vipi furaha ile. Ami, kabla hajang'oa plaiwudi yangu iliyooza, alitia mkono kwenye pengo akalipima kwa mwili wake, kisha akaupeleka mkono ule kwa fundi. Namba yangu ilitoka kwenye kompyuta ya Nairobi ikaingia kwenye kiganja cha mzee, ikatoka hapo ikaingia kwenye kiganja cha seremala, ikapotea milimita moja tu. Karatasi haikuhitajika. Nilirudi nyumbani usiku ule nikitembea katikati ya usita kama mtu anayetoka harusini.

Usingizi wangu ulikuwa mzuri usiku mmoja.

Kidonda

Tandiko la nne lilikuwa kwa punda mdogo wa kijivu anayebeba maji. Niliona pengo kwa mbali nikatabasamu. Nilipokaribia nikaona nzi.

Kidonda kilikuwa na upana wa sarafu ya shilingi ishirini, na cha pili kikianza upande wa pili wa uti. Viwili, sambamba, kama alama ya nukta mbili. Havikuwa katikati, mahali pa vidonda vya siku zote. Vilikuwa pale hasa kingo za yale matao zinapokaa.

Mwenye tandiko ni mtoto wa miaka kumi na tatu. Baba yake ni mgonjwa, yeye ndiye anayebeba. Alilitengeneza mwenyewe, kwa msumeno wa kuazima, na amelitengeneza vizuri, nasema kweli, viungo vyake vimebana. Nikamuuliza pengo alilipima vipi.

"Zanda zinne," akasema, akanionyesha mkono wake.

Milimita 62.

Kingo zake zilikuwa juu ya mfupa. Lingekuwa gunia tupu, uzito ungetawanyika kidogo. Pengo jembamba linaukusanya wote kwenye mistari miwili, na mistari hiyo inakata. Tandiko lile lilikuwa baya kuliko kutokuwa na tandiko, na lilikuwa baya kwa sababu yule mtoto alifuata alichoambiwa, kwa utiifu kamili, bila kosa hata moja.

Nilimsaidia kumfungua punda. Tukampeleka kliniki pamoja, hatukuzungumza njiani.

Wiki nzima baada ya hapo sikuandika chochote. Nilikuwa nimeshafurahia kuigwa. Nilikuwa nimeshaanza kusema moyoni kwamba mkono unatosha, kwamba watu wetu hawana haja ya karatasi, maneno matamu ambayo mtu aliyesoma mbali na kurudi hupenda kujiambia. Na mnyama alikuwa anachimbwa mgongo na maneno hayo.

Nikawaza vile vile jedwali tulizopewa chuoni, za urefu wa mikono na upana wa viganja, nyingi zimetokana na vipimo vya wanajeshi wa Marekani. Tulizilalamikia darasani: si miili yetu. Ni kweli. Lakini somo lililokuwa ndani yake nililiacha lipite: miili haifanani, na kipimo kinachotegemea mwili wa mpimaji hubadilika kila kinapobadilisha mpimaji. Isitoshe, pengo lile halimhusu binadamu hata kidogo. Linamhusu punda.

Kibao

Mwaka wa pili, karakana, tulikuwa na wiki moja ya vigezo. Fundi wa karakana, mzee mpole ambaye hakuwa mwalimu na hakutoa alama, alitufundisha kutengeneza kipande cha chuma chenye ncha mbili. Ncha moja lazima iingie kwenye tundu ulilotoboa, ya pili isiingie. Zikitii zote mbili, tundu ni sahihi, na aliyeshika kile chuma hana haja ya kujua kusoma rula. Tulichoka mchana ule. Nilichora maua pembeni mwa daftari.

Nimelitafuta daftari lile. Maua yapo, na maelezo yako nusu.

Nilianza na punda. Nilichukua waya laini wa shaba, nikaulaza mgongoni mwa kila mmoja aliyekubali kusimama, nikaukunja ufuate umbo lake, kisha nikaulaza kwenye karatasi nikachora. Punda kumi na wanne. Uti wa mkubwa na uti wa mdogo havikupishana sana kama nilivyoogopa. Kinachopishana ni mteremko wa kando: mnono ni kama paa la chini, mkonda ni kama paa la makuti, mkali. Hili bado linanitatiza. Kigezo kimoja hakitatosha kwa mteremko, na viwili vikitoka, mtu atashika kisicho chake. Nimeamua kuanza na pengo, kwa kuwa ndilo linaloumiza leo.

Fundi wa kitanda alinipa kipande cha mwarobaini. Tulikikata pamoja: ulimi mmoja wa milimita 80 ambao lazima uingie, na upande wa pili ulimi wa 95 ambao usiingie, maana pengo likipanuka mno matao yanateleza chini ya mbavu. Fundi alipendekeza ule usiotakiwa kuingia tuuchome kwa chuma cha moto uwe mweusi. Nisingeliwaza hilo.

Cha kwanza kilikwenda kwa yule mtoto. Punda wake amepumzishwa, kidonda kimeanza kufunga kigaga, na tandiko limevuliwa misumari, liko kwa fundi. Gharama tumegawana, sitasema zaidi.

Cha pili nilimpelekea Ami jana baada ya alasiri. Nilidhani nampelekea kitu cha kumwonyesha tu, kwani tandiko lake ndilo mama wa yote. Alikigeuza, akakipitisha kwenye pengo la tandiko lake mwenyewe.

Hakikuingia.

Akasukuma kidogo. Hakikuingia. Sijui ni mti uliosinyaa au ni kamba za tanga zilizovuta matao ndani mwaka baada ya mwaka. Ami akanyamaza. Akalaza vidole vyake vinne kwenye pengo, vikapita, na nafasi kidogo ikabaki. Kisha akavilaza juu ya ule ulimi wa kibao, akavitazama muda mrefu. Mti ulizidi pembeni kwa unene wa ukucha.

"Zanda zangu zimekonda," akasema.

Akamwita mjukuu wake alete patasi. Na mimi akaniambia nitoboe tundu juu ya kibao, la kupitisha uzi, akitundike mlangoni ambapo kila anayeingia atakiona.